Udongo wa Nyuma ya Jikoni

Nyumbani kwetu Kaloleni, hapa Voi mjini, radi ikianza kunguruma upande wa milima, mama hamwambii mtu neno. Anachomoa plagi ya televisheni, anachomoa ya friji, anachukua leso yake kuukuu na kufunika kioo cha sebuleni. Kisha anakaa kwenye kiti kilicho mbali na dirisha, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Nimeyaona hayo tangu nikiwa mdogo. Nilipomaliza digrii yangu ya uhandisi wa mawasiliano na kurudi nyumbani, nilimweleza kwamba kioo hakivuti radi.

"Sawa," akasema. "Wewe chako kiache wazi."

Sikukiacha wazi. Naeleza haya mwanzoni kwa sababu kosa langu lilikuwa mbele ya macho yangu miaka yote hiyo, pale sebuleni, na bado nikaenda kulifanya Mbololo.

Mwaka wa kwanza baada ya chuo kikuu nilikuwa nikituma barua za maombi ya kazi na kuzisoma upya baada ya kuzituma, nikitafuta kosa ambalo lingeeleza kwa nini sijajibiwa. Kila mara nililipata. Kati ya barua na barua niliwatengenezea majirani mtandao wa nyumbani. Ndipo Jumapili moja, baada ya ibada, mwanamume anayesali na mama kanisa moja akanisimamisha mlangoni. Yeye ni meneja wa chuo kidogo cha ufundi huko Mbololo, chenye karakana ya useremala, darasa la ushonaji na chumba kimoja cha kompyuta.

"Wewe ndiye uliyesomea hivi vitu," alisema. "Chumba changu cha kompyuta kimepigwa na radi mara mbili. Wafadhili wametupa kompyuta nyingine kumi. Zikiungua hizi, zitakazobaki zinateremshwa Voi mjini, na mimi chumba nakifanya stoo ya vitambaa. Nimeshaambiwa."

Nilipanda Mbololo kesho yake. Mwalimu wa kompyuta alinipokea mlangoni, mwanamke wa huko huko Mbololo, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinionyesha kwanza rundo la maboksi ya kadibodi yaliyokatwa vipande. Juu ya kila kipande alikuwa amechora kibodi kwa kalamu ya wino, herufi zote mahali pake.

"Radi ilipochukua zile za pili, tulisoma na hizi," alisema. "Muhula mzima. Wanafunzi wangu walikuwa wanapiga chapa kwenye karatasi. Mmoja aliniuliza kama akikosea afute kwa raba."

Wanafunzi wake wengi ni akina mama wanaofika saa nne baada ya kumaliza shughuli za shambani, na vijana walioacha shule. Alinieleza wazi kwamba chumba kikihamia mjini, hakuna hata mmoja wao atakayeteremka Voi kila siku. Wangerudi tu nyumbani. Na yeye angefundisha nini, alisema, vitambaa?

Kazi yenyewe niliiona rahisi, jambo ambalo lingepaswa kunitia wasiwasi, lakini nilikuwa na wasiwasi mwingine mwingi. Kwenye pembe ya jengo kulikuwa na mlingoti wa chuma, juu yake antena inayopokea mtandao kutoka ng'ambo ya bonde. Kebo iliteremka kutoka kwenye antena, ikapita katika tundu la ukutani, ikaingia kwenye rauta; kutoka kwenye rauta mtandao ulikwenda kwenye kile kiboksi chenye taa za kijani kinachougawa kwa kompyuta zote. Radi si lazima ipige jengo. Ikipiga hata kilima cha jirani, inasukuma wimbi la umeme ndani ya nyaya, na wimbi hilo linaingia kwa mlango wowote linaoukuta. Chumba hiki kilikuwa na milango miwili: waya wa stima na kebo ya antena.

Kwa hiyo niliweka walinzi wawili. Penye stima niliweka gadi kubwa, kifaa cha kukinga mashine na umeme wa ghafla. Penye kebo ya antena niliweka gadi ndogo, yenye ukubwa wa kiberiti, na waya mmoja wa rangi ya kijani na manjano ukitoka ubavuni. Gadi yenyewe hailizuii wimbi. Inachofanya ni kulionyesha njia ya kwenda ardhini kabla halijafika kwenye rauta, na njia yenyewe ni huo waya. Nilipima soketi ya ukutani nikakuta pini yake ya ardhi ni nzima, basi nikaufunga waya ule kwenye pini ya ardhi ya ekstensheni iliyochomekwa hapo. Ulikuwa mfupi, kama maelezo ya kiwandani yanavyotaka. Ulikuwa nadhifu. Niliupiga picha nne.

Nikiwa nusu ya njia kurudi mjini nilimwomba mtu wa bodaboda ageuze. Mwalimu alikuwa anafunga mlango.

"Injinia, umesahau nini?"

"Kuna skrubu sikumbuki kama niliikaza."

Tukaingia. Niliigusa skrubu. Ilikuwa imekazwa.

"Ipo?" akauliza.

"Ipo."

"Basi nenda salama kabla giza halijakupata na hizo skrubu zako."

Hakuna aliyewahi kuniita injinia bila kucheka. Yeye alicheka kidogo tu.

Mvua za vuli zilipoanza, nilikuwa nyumbani. Jumanne hiyo mchana milima ilikuwa nyeusi tangu saa saba, na mama alishafunika kioo chake. Nilisimama uani nikitazama upande wa Mbololo hadi nguo za kwenye kamba zikalowa, kwa sababu nilikuwa nimesimama tu, sizianui. Saa kumi simu ikalia.

"Injinia," mwalimu alisema, "stima iko. Lakini ile boksi ya taa za kijani imekufa. Na kompyuta ya tatu inanuka."

Nilifika chuoni asubuhi iliyofuata. Ile gadi kubwa ya stima ilikuwa salama. Kiboksi cha taa za kijani kilikuwa kimeungua ndani, rauta pia, na kompyuta moja haikuwaka tena. Tisa zilipona. Lakini kilichonichanganya ni gadi ndogo. Niliifungua nikaikuta safi kama ilivyotoka dukani. Haikuwa na alama, haikuwa na moshi. Wimbi lilipita mbele yake na yenyewe haikufanya lolote, kama mlinzi aliyesinzia getini.

"Hebu nieleze yote," nilimwambia mwalimu, "tangu mwanzo."

"Ngurumo ya kwanza tu, mpishi akapiga kengele. Tukachomoa, tukatoka."

"Mkachomoa nini?"

"Plagi. Ile ya ukutani ya ekstensheni. Si hiyo moja inazima zote?"

"Na kebo ya antena?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama alizima pia dirisha. "Hiyo si ya stima."

Nilikaa kwenye kiti cha mwanafunzi. Nadhani nilikaa muda mrefu, kwa sababu aliniletea maji. Waya wangu mfupi, nadhifu, wa picha nne, ulikuwa unafika ardhini kwa kupitia plagi ile. Plagi ilipochomolewa, njia ya ardhini ilichomoka nayo. Kebo ya antena ikabaki mahali pake, ikateremsha wimbi kutoka mlingotini hadi ndani ya chumba ambacho hakikuwa na pa kulitolea isipokuwa kupitia mashine. Nilikuwa nimefikiria skrubu. Nilikuwa nimefikiria urefu wa waya, unene wake, hata rangi ya utepe. Sikuwa nimewauliza watu wale swali moja: mvua ikinguruma, ninyi hufanya nini? Na jibu nilikuwa nalo nyumbani, limekaa kwenye kiti, mikono mapajani.

Meneja aliingia akatazama kompyuta iliyokufa bila kuigusa. Mpishi alikuwa nyuma yake, mwanamke mnene mwenye sauti ya kusikika hadi barabarani, mikono yake bado ina unga.

"Radi ni ya Mungu," mpishi alisema. "Hapa nani atamlaumu nani?"

"Ijumaa napeleka ripoti," meneja akasema. "Nitaandika hivyo. Radi haina mwenyewe."

Wote wakanitazama kwa huruma. Nilitikisa kichwa kama mtu anayekubali, nikabeba mkoba wangu, nikateremka.

Sitajifanya kwamba nilikwenda nyumbani nikiwa na nia njema. Nikiwa kwenye bodaboda nilishukuru. Hakuna aliyejua. Kisha nikaanza kuwaza kwamba mtu mwingine angekuja kukagua, aone waya wangu, aulize ni nani aliyefanya hivi. Kisha nikawaza kwamba hakuna atakayekuja, na hilo likanisumbua zaidi. Alasiri hiyo nilikuwa nafua uani pale meneja aliponitumia ripoti yake kwa simu, nimsaidie kukagua maneno ya kiufundi. Ilikuwa fupi. Ilisema kwamba vifaa viliwekewa kinga na mtaalamu, na kwamba radi ya mlima huu ni kubwa kuliko kinga yoyote.

Niliisoma mikono ikiwa na povu. Nilipofika mwisho niliona kitu ambacho yeye, kwa wema wake, hakukiona. Kama hayo ni kweli, basi wafadhili wana haki ya kuzichukua kompyuta. Nani ataacha mashine tisa juu ya mlima usiozuilika? Ripoti iliyoniokoa mimi ndiyo ingefunga chumba. Kosa likiwa la mlima, hakuna la kufanya. Likiwa langu, linaweza kurekebishwa.

Mama alitoka akanikuta nimesimama juu ya karai.

"Kuna mtu amekufa?"

"Hapana."

"Basi suuza hizo nguo, kisha umpigie simu huyo unayemwogopa."

Sikupiga. Nilijua nikipiga nitazungukazunguka bila kulisema lenyewe. Alhamisi asubuhi nilipanda Mbololo, nikaomba mwalimu naye aingie ofisini, na nikasema yote nikiwa nimesimama. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, lakini yalipotoka yalikuwa machache. Meneja alinisikiliza huku akizungusha kalamu.

"Kwa hivyo si mlima," alisema.

"Si mlima. Ni mimi."

"Lakini sisi ndio tuliochomoa," mwalimu akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Nilitambua kwamba tangu nianze kueleza alikuwa anafikiri namtaja yeye.

"Mwalimu, mlifanya kile kinachofanywa na kila mtu. Mama yangu angechomoa. Mimi mwenyewe ningechomoa. Aliyeweka njia ya radi kwenye kitu ambacho lazima kichomolewe ni mimi."

Meneja aliiweka kalamu mezani. Nje mtu alikuwa anapiga randa, na kila alipopiga nilihesabu. Mwishowe akanisukumia karatasi. "Iandike wewe. Jina lako chini. Na uandike utakavyorekebisha, siyo kulia tu."

Niliiandika. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, nilizoziishi kwa shida: kompyuta zibaki hadi mwisho wa mvua za masika. Kikiungua kitu chochote tena, zinateremka.

Safari hii nilianza kwa kuuliza. Nani hupiga kengele? Nani hukimbilia plagi? Mlango hufungwa na nani? Mpishi alijibu maswali yangu kwa uvumilivu, kisha akaniuliza kama naandika kitabu.

Halafu nikaanza upya. Chini ya tundu la kebo nilifunga ukutani bamba moja la shaba. Mlingoti, gadi ndogo, gadi kubwa, ardhi ya stima ya jengo lote, kila kimoja nilikileta pale kwa waya wake, ili umeme wa ghafla ukija kwa mlango wowote ukute mahali pamoja. Na kutoka kwenye bamba, waya mnene ungekwenda moja kwa moja hadi kwenye fimbo za shaba zilizozamishwa ardhini. Huo hauna plagi. Hakuna mtu wa kuuchomoa hata akitaka.

Kilichobaki kilikuwa ardhi yenyewe, na ardhi ilitukataa. Wanafunzi wa ujenzi walinisaidia kwa mtaimbo. Chini ya mlingoti tulifika magotini tukakuta mwamba. Hatua chache pembeni, mwamba tena. Penye udongo palikuwa pakavu kama majivu, na mashine yangu ya kupimia ikatoa namba kubwa mno: umeme ungefika pale ukose pa kwenda. Nilipima mara tatu, nikabadilisha betri, nikapima tena.

Mpishi alikuwa anatutazama kutoka mlango wa jikoni.

"Mnachimba kisima?"

"Tunatafuta udongo wenye unyevu, mama. Usiokauka hata kiangazi."

"Na mnautafuta kwenye mawe! Si mngeniuliza?"

Akatuzungusha nyuma. Jiko limepakana mgongo kwa mgongo na chumba cha kompyuta, na nyuma yake, tangu chuo kifunguliwe, mpishi humwaga maji ya kuoshea vyombo mara tatu kwa siku. Kulikuwa na migomba miwili na magimbi yenye majani mapana kama sinia. Alichukua jembe akalizamisha mara moja, bila nguvu, kama anayekata ugali.

"Hapa hata Februari jembe linaingia. Udongo umeshiba."

Fimbo ya kwanza ilizama hadi mwisho. Ya pili pia. Nilipima. Namba ilishuka hadi nikadhani mashine imeharibika. Nikapima mara ya pili, na ya tatu.

"Itachoka hiyo mashine yako," mpishi alisema. "Wewe hata ukipewa chai utaipima?"

Ilibaki ile tabia ya kuchomoa. Nilikuwa nimechapisha tangazo kwa herufi kubwa: USICHOMOE. Mwalimu alilisoma akavua miwani.

"Injinia, ukibandika hii hapa, ngurumo ikipiga watachomoa plagi na wataichomoa na karatasi."

Alisema kweli. Tena hawakuwa wakikosea. Kifaa kilichochomolewa kabisa ni salama kuliko chenye gadi kumi. Walichokosea, na mimi nikiwa wa kwanza, ni kuchomoa nusu. Tukapigilia ukutani ndoano mbili, nikazipaka rangi nyekundu: moja ya plagi, moja ya kebo ya antena. Ngurumo ikiwa bado mbali, vyote viwili vinachomolewa na kutundikwa. Radi ikishafika juu ya paa, usiguse chochote, toka. Mwalimu aliwafundisha wanafunzi kama somo, na yule mama aliyewahi kuuliza habari za raba aliwaongoza kwenye mazoezi kwa ukali wa mwalimu wa gwaride.

Masika ilikuja ikiwa na haraka. Siku ile nilikuwepo, nimekwenda kupima tena fimbo zangu ingawa nilizipima wiki iliyotangulia. Kengele ya mpishi ililia kwa fujo. Mtu akachomoa plagi ya ekstensheni, na kutoka pembeni sauti ikapaa: "Jamani, sijasevu barua yangu!" Kabla mkono haujafika kwenye kebo ya antena, dirisha likawa jeupe.

"Acha!" mwalimu akapaza sauti. "Acha hivyo hivyo! Nje!"

Tulikimbilia darasa la ushonaji. Nilisimama kati ya cherehani nikiwaza kwamba ni vilevile. Plagi nje, kebo ndani, kama Jumanne ile. Radi ikapasua karibu sana, mkasi ukaruka mezani, na mtu akamtaja Yesu. Mpishi alikuwa amejibanza kando yangu.

"Unatetemeka, mwanangu?"

"Kidogo."

"Mimi pia. Lakini mimi sina digrii."

Mvua ilipopungua ikawa manyunyu, mwalimu alifungua mlango na kuniacha nipite kwanza. Kulikuwa na harufu. Niliifuata harufu hadi ukutani, na ilikuwa inatoka kwenye gadi ndogo. Niliifungua. Ndani ilikuwa nyeusi tii, sehemu yake moja imepasuka kama punje ya mahindi kwenye moto. Ilikuwa imekufa, imekufa kabisa, mahali pake pale kwenye bamba, baada ya kulipeleka wimbi ardhini.

Nilitoa nyingine mfukoni. Nilikuwa na tatu. Hii ndiyo faida ya watu wa aina yangu. Nikaifunga, nikarudisha kebo, mwalimu akachomeka plagi. Taa za kijani zilisitasita, kisha zikawaka. Akaenda meza hadi meza akiwasha, akihesabu kwa sauti, na wanafunzi waliojaa mlangoni wakahesabu naye. Tisa zote. Kilichosikika baadaye ni yule wa barua, akivuta kiti.

"Naanza upya," alisema kwa mtu yeyote. "Afadhali hata, ile ilikuwa na makosa."

Meneja alikuja na mwavuli, akapita akitazama meza moja moja. Jioni hiyo aliniambia atawaandikia wafadhili mwenyewe, na kwamba mbao alizokuwa amepimia rafu za vitambaa angempa mwalimu aongeze meza.

Nilitoka nyuma kukagua fimbo. Mpishi alikuwa huko na karai la maji ya vyombo, manyunyu yakimlowesha mabega, udongo wenyewe umejaa maji ya mvua hadi unang'aa.

"Mama, leo si ungepumzika? Mvua imeshamwaga."

"Mvua imemwaga ya kwake," alisema, akiyamimina polepole pale shaba ilipoingia ardhini. "Shaba yako nayo imefanya kazi leo. Wacha inywe."